Msipokee piano kama hamjui nani atailinda na unyevu

Bukavu. Ndani ya kanisa moja la mji wetu kuna piano ya kusimama ambayo leo inafanya kazi ya meza. Siku ya Jumapili wanaweka maua juu yake, siku zingine wanaweka vitabu vya nyimbo. Ilifika miaka tisa iliyopita kutoka Ulaya ndani ya kontena, zawadi ya marafiki wa parokia. Siku ya kuipokea nilikuwa pale na daftari yangu mkononi, kijana aliyetoka tu kumaliza masomo ya uandishi wa habari. Niliandika namna watu walipiga makofi, namna korali iliimba, na nani alikata utepe. Sikuuliza swali moja tu lililokuwa la lazima: nani ataitunza, na kwa pesa gani?

Misimu miwili ya mvua ilitosha. Vibonye vilianza kukwama, unabonyeza kimoja na hakirudi juu. Nyuzi za chini zikashika kutu. Ndipo mmoja wetu katika kamati akaleta wazo la kuweka ampuli ya wati 60 ndani ya piano, iwake usiku na mchana ili ikaushe. Sitamlaumu, kwa sababu mimi pia nilisema ni wazo zuri. Vibonye vilifunguka kweli. Lakini mwezi wa sita mvua ikakoma, hewa ikakauka, na ampuli ikaendelea kuwaka. Hakuna aliyekumbuka kuizima. Kufika mwezi wa nane ubao wa sauti ulikuwa umepasuka pale pale ampuli ilipokuwa. Hiyo ndiyo meza yetu ya maua.

Ninaandika haya kwa sababu mwaka jana kanisa hilo hilo lilipewa piano nyingine, na mara hii ni piano ya mkia. Na mazungumzo ya kwanza katika kamati yalikuwa yale yale: sherehe itakuwa lini, tualike nani, tununue kitambaa cha rangi gani cha kuifunika. Safari hii sikunyamaza. Nilisema kwamba kabla ya yote tununue chombo cha kudhibiti unyevu, la sivyo tuwaandikie wafadhili barua ya shukrani na kuiacha piano huko iliko. Wengine waliniona kama mtu anayeleta kiburi. Ngoja nieleze kwa nini bado ninasimama palepale, maana najua kuna parokia, shule na makanisa mengine ya Goma, Uvira, Kisangani au Lubumbashi ambayo yako katika hali kama hii.

Ubao unakunywa hewa

Piano ni mbao kuliko kitu kingine chochote. Chini ya nyuzi za piano ya mkia kuna ubao mpana wa mti laini, wenye unene wa karibu sentimita moja tu. Ubao huo ndio unaotoa sauti. Juu yake kuna nyuzi zaidi ya 200, na zote pamoja zinavuta kwa nguvu ya karibu tani 20. Fremu ya chuma ndiyo inayobeba uzito huo, lakini nyuzi zinapita juu ya daraja la mbao lililogundishwa kwenye ubao wa sauti.

Hewa ikijaa unyevu, ubao unavimba na kupanda juu. Daraja linasukuma nyuzi, nyuzi zinakaza, na sauti inapanda, hasa katikati ya piano. Hewa ikikauka, ubao unashuka na sauti inashuka pamoja nao. Ndiyo sababu piano iliyolinganishwa vizuri mwezi wa saba inakuwa ya aibu mwezi wa kumi na moja, hata kama hakuna mtoto aliyeigusa. Watu wanamlaumu fundi kwamba alifanya kazi mbaya. Fundi hana kosa. Alilinganisha nyuzi juu ya ubao unaotembea.

Na si sauti tu. Unyevu mwingi unaleta kutu kwenye nyuzi, ukungu kwenye feliti za nyundo, na vibonye vizito. Ukavu mwingi nao unapasua ubao na kulegeza gogo la mbao lililoshika vigingi vya kukazia nyuzi. Kigingi kikilegea, nyuzi haikai tena, hata ukiilinganisha kila wiki. Ugonjwa huo matibabu yake ni ghali kuliko bei ya piano nyingi tunazopewa.

Mafundi wengi wanataka unyevu wa hewa kwenye piano ukae kati ya asilimia 40 na 50 hivi. Lakini watakwambia pia kwamba kutulia ni muhimu kuliko tarakimu yenyewe. Piano inayokaa kwenye 55 mwaka mzima ina afya kuliko ile inayopanda hadi 80 na kushuka hadi 35.

Pima kwanza, nunua baadaye

Hapa ndipo watu wengi wanakosea. Wanasikia kuna chombo kinaitwa hivi, wanaagiza chombo kizima, kinakuja, nusu yake haina kazi. Sisi tulianza na higrometa, kipimo kidogo cha unyevu kinachouzwa kwa bei ya chakula cha familia cha siku moja au mbili. Vipimo vya bei ndogo vinadanganya, kwa hiyo kijaribu kwanza: weka chumvi ya jikoni katika kifuniko cha chupa, iloweshe kidogo iwe kama uji mzito, ifunge pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uache usiku mzima. Ndani ya mfuko huo unyevu unafika asilimia 75. Kama kipimo chako kinasema 70, ujue kila siku uongeze tano.

Tulikiweka chini ya piano na kumpa kijana mmoja wa korali daftari. Mara mbili kwa siku, asubuhi na saa tisa za mchana, aliandika. Mwezi wa nne tarakimu zilikaa mara nyingi kati ya 70 na 80. Mwezi wa saba, mchana, zilishuka chini ya 50, lakini usiku zilipanda tena na hazikukaa chini ya 40. Daftari hiyo ya senti chache ndiyo iliyotuokoa na kununua tusichohitaji.

Chombo chenyewe ni kitu rahisi. Kinachojulikana zaidi ni kile cha kampuni ya Marekani inayoitwa Dampp-Chaser, iliyoanza mwaka 1947 kule Hendersonville, North Carolina. Kikiwa kamili kina sehemu tatu. Ya kwanza ni fito za chuma zinazopata joto dogo. Ya pili ni tangi la maji lenye vitambaa vinavyonyonya maji na kuyatoa polepole hewani. Ya tatu ni kidhibiti, kisanduku kidogo kinachosikia unyevu wa hewa na kuamua: hewa ikiwa mbichi kinawasha fito, ikikauka kinawasha tangi.

Kuna mtu atauliza fito za joto zinakaushaje bila kutoa maji. Hazitoi maji hata tone. Hewa ya joto ina nafasi kubwa zaidi ya kubeba mvuke. Hewa ya nyuzi joto 20 yenye unyevu wa asilimia 80, ukiipasha hadi nyuzi 25 inakuwa na asilimia 60 hivi, na mvuke ni ule ule. Kwa mbao hiyo ni tofauti kubwa. Ampuli yetu ya zamani ilifanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo, lakini ilikuwa na makosa mawili: joto lake lilikaa mahali pamoja, na haikuwa na kidhibiti cha kuiambia inyamaze. Kwa hiyo mtu akikuuzia fito bila kidhibiti, ujue anakuuzia ampuli yenye sura nzuri.

Sasa, uchague nini? Haya ni maoni yangu, kwa kile nilichojifunza. Kwa mji kama Kisangani, ambako mvua haina likizo ya kweli, fito na kidhibiti vinatosha. Kwa Lubumbashi, ambako kuanzia mwezi wa tano kiangazi kinashika miezi mfululizo na baadaye mvua inakuja kwa nguvu, chombo kamili chenye tangi kina maana. Kwa Bukavu na Goma, kando ya ziwa Kivu, anza na fito na kidhibiti, na uache nafasi ya tangi. Kama daftari inaonyesha majuma mengi chini ya 40, liongeze. Sisi tuliliacha.

Tangi si kitu cha kuchukua kwa fahari. Linataka maji safi kila mara, wakati wa ukavu hata kila juma. Vitambaa vyake vinabadilishwa angalau mara moja kwa mwaka. Kuna taa ndogo tatu: ya kijani inasema umeme upo, ya manjano inaomba maji, nyekundu inaomba vitambaa vipya. Kama hamna mtu wa kuitikia taa ya manjano, tangi litakuwa mapambo.

Namna ya kukiweka

Piano ya kusimama ni sanduku lililofungwa, chombo kinakaa ndani na hewa yake inabaki humo. Piano ya mkia iko wazi chini. Ukilala chali chini yake unaona ubao wa sauti wote na mihimili minene inayoushika pembeni. Chombo kinaning'inizwa humo, kati ya mihimili. Fundi wetu alipima nafasi kwanza, akachagua mahali mbali na chuma cha pedali, akafunga kila kitu kwenye mihimili. Hakuingiza msumari hata mmoja kwenye ubao wa sauti wala kwenye mbavu zake. Atakayefanya hivyo kwenye piano yako, msimamishe. Fito zilibaki zimening'inia chini ya ubao bila kuugusa. Kidhibiti kilikaa katikati, si juu ya fito moja kwa moja, la sivyo kitadanganyika na joto lake. Waya zote zilibanwa vizuri, maana waya unaogusa ubao utalia kama nyuki kila ukipiga noti fulani.

Kisha kikaja kitambaa. Kwa sababu chini ni wazi, hewa iliyokaushwa inatoroka. Fundi alishona kitambaa chepesi kinachopitisha hewa kidogo, akakifunga chini ya mihimili kama neti ya mbu. Kitambaa hicho kinafanya kazi kubwa kuliko sura yake, hasa kwetu ambako umeme hautabiriki. Tena tukaondoa piano kwenye ukuta wa nje unaolowa mvua, tukaisogeza mbali na dirisha, na tukakubaliana kufunga mfuniko baada ya kila mazoezi.

Kulinganisha nyuzi kulingoja. Piano ikishawekewa chombo, mbao zinatafuta makao mapya kwa majuma kadhaa. Ukimlipa fundi wa kulinganisha siku ile ile, umetupa pesa.

Jambo moja kwa ndugu zetu wanaotuma vitu kutoka ng'ambo: chombo cha Marekani cha volti 120 hapa Congo kitaungua, sisi tunatumia 220. Vya volti 220 hadi 240 vipo. Andikeni hivyo mnapoagiza.

Priza ndiyo vita yenyewe

Wasomaji wengi wamefika hapa wakisema moyoni: vizuri, lakini umeme uko wapi? Swali hilo ni la haki. Chombo hiki kinatakiwa kubaki kwenye priza saa 24. Sisi tunajua namna umeme unavyokatika.

Nitajibu kwa mambo mawili. Kwanza, mbao haina haraka. Umeme ukikosekana saa nne au hata usiku mzima, ubao wa sauti haujui bado, hasa kama mfuniko umefungwa na kitambaa cha chini kipo. Kinachoua ni majuma. Pili, chombo hiki kinakula kidogo sana. Fito mbili za wati 25 zikiwaka saa 24 bila kupumzika zinatumia wati-saa 1,200, yaani kilowati-saa moja na kidogo. Na kwa kawaida kidhibiti hakiziwashi muda wote. Wenye paneli za jua wafanye hesabu: batri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, na ile ya risasi haifai kumalizwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo inashika karibu nusu siku, na inatosha kuvuka usiku.

Lakini adui wetu wa kweli hakuwa mwenye kukata umeme. Majuma matatu baada ya kuweka chombo, nilipita jioni nikaona taa ya kijani haiwaki. Mtaa wote ulikuwa na umeme. Nikamwuliza mzee mlinzi. Akanijibu kwa adabu kwamba kila jioni baada ya sala anazima disjonkta ya kanisa lote, kama alivyoagizwa tangu zamani, kwa ajili ya moto na kwa ajili ya faktira. Kila usiku, wakati unyevu uko juu zaidi, piano ilikuwa peke yake. Mzee hakufanya kosa lolote. Hakuna aliyemwambia. Tulipokuwa tunabishana jioni tatu mfululizo kuhusu fito na tangi, hatukumwita mtu anayeshika ufunguo wa umeme.

Tulirekebisha kwa fundi umeme wa mtaani: laini ya peke yake yenye disjonkta yake ndogo, na karatasi iliyobandikwa juu yake kwa Kiswahili: "Hii ni ya piano. Isizimwe." Kila Jumamosi kabla ya mazoezi kijana mmoja anainama kuangalia taa ya kijani na kuandika tarakimu ya higrometa. Gharama ya laini hiyo ilikuwa ndogo kuliko ile ya soda za siku ya sherehe.

Je, ni anasa?

Kuna pingamizi moja zito na silikwepi. Mama mmoja wa kamati alisimama akasema: watu wametoka vijijini wakikimbia vita, wanalala kwa ndugu zao kumi ndani ya chumba kimoja, na ninyi mnatafuta kukausha hewa ya piano? Watu walinyamaza, na mimi pia.

Nimefikiri sana juu ya maneno yake. Kama angetuambia tuiuze piano na tununue unga, ningemsikiliza. Lakini hakuna aliyependekeza kuiuza. Pendekezo lililokuwa mezani lilikuwa ni kuibakiza na kuiacha ife polepole, kama ile ya kwanza. Hiyo haimlishi mkimbizi yeyote. Tena katika korali yetu kuna watoto wa wakimbizi hao. Wawili kati yao wanajifunza piano hiyo kila Jumatano, na mwalimu wao hataki senti. Chombo cha mamia ya dola ni pesa nyingi kwetu, sikatai. Lakini kubadilisha ubao wa sauti ni maelfu, na fundi wa kazi hiyo hatuna hapa.

Tena tusijidharau. Kule Kinshasa, orkestra ya Wakimbangu iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994 ilianza na ala chache na wanamuziki waliojifundisha wenyewe, na nyuzi za vinanda vya upinde zilipokatika walitumia nyaya za breki za baiskeli. Watu wa namna hiyo hawakosi akili ya kutunza vitu. Kinachotukosa mara nyingi ni mstari mmoja katika bajeti, na jina la mtu mmoja pembeni ya mstari huo.

Ndiyo maana ninasema wazi: parokia, kanisa au shule ikiletewa habari ya piano ya zawadi, ijibu kwanza maswali manne. Higrometa iko wapi na nani anaandika? Chombo cha unyevu kitatoka kwa nani? Priza yake iko kwenye laini gani? Na fundi wa kulinganisha atalipwa na sanduku lipi, mara mbili kwa mwaka? Wafadhili nao waulizwe bila haya: mkilipa usafiri wa piano kuvuka bahari, ongezeni chombo cha unyevu ndani ya kontena hiyo hiyo. Bila hicho mnatutumia meza ya maua.

Na kwetu waandishi: siku ya sherehe, baada ya kuandika nani alikata utepe, tuulize nani ataangalia taa ya kijani. Mimi nilichelewa miaka tisa kuuliza.

Piano yetu ya mkia ililinganishwa mwezi wa nne. Jumapili iliyopita bado ilikuwa inakaa na korali vizuri. Mtihani wa kweli unakuja: mvua za mwezi wa tisa ziko karibu, na daftari ya kijana wetu ina kurasa nyeupe zinazongoja.